Filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu kwa simu na laki nne, twende hatua kwa hatua

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo najibu ile meseji ninayotumiwa kila siku, eti nianzeje filamu ya stelingi mwenye nguvu za ajabu na sina hata kamera. Hiki kipande unachokiona hapa, daladala imesimama, watu wameganda kama sanamu, maembe yananing'inia hewani na konda anapita katikati yao anahesabu chenji zake, kimepigwa kwa simu ya kawaida tu huku Mbagala, na filamu nzima ya dakika 14 imekula laki tatu na elfu themanini, na zaidi ya nusu ya hiyo hela ni wali maharage na nauli, sio vifaa.

Kabla hujagusa simu, chagua nguvu za stelingi wako kulingana na mfuko wako. Hapa ndo wengi wanapofeli. Mtu anaandika jamaa anaruka juu ya mji, anatoa moto mikononi, anabomoa ghorofa, afu akifika kwenye kuediti anaanza kutafuta wa kumlaumu. Kila nguvu ina bei yake bana. Kuruka ni ghali, moto ni ghali, kubadilika umbo ndo usiseme. Kusikia vitu vya mbali ni rahisi maana ni sauti tu, kutoweka rahisi, na kusimamisha muda ni rahisi zaidi sababu kazi yote ni watu kutulia. Kwaio sisi tukamtengeneza konda, akigonga bodi ya gari mara mbili muda unasimama, na unasimama kwa kadri anavyoweza kubana pumzi tu, akipumua basi umerudi. Hilo la pumzi sio langu, ni la mamdogo wangu, nilikuwa namsimulia hadithi akaniuliza sasa kama anausimamisha anavyotaka si atawashinda wote, mtu ataangalia nini? Nikanyamaza. Nikaenda kuandika upya.

Na awe wako kweli. Usichukue nembo ya mashujaa wa Marekani ukabadilisha rangi, kwanza wenyewe ni wakali kwa mambo ya haki, pili nani anataka kuona kopi.

Habari ya hela usinianze kabisa. Kule Wakaliga, Kampala, mtengeneza filamu Isaac Nabwana alitoa ile filamu yake ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, silaha zimeundwa kwa vyuma chakavu, na imeangaliwa dunia nzima.

Hatua ya pili, nguo. Sponji na gundi za kutengeneza misuli ya bandia achana nazo, kwa joto la Dar msanii wako atazimia. Tulinunua shati la mtumba, fundi cherehani akashona kitenge kwa ndani, konda akigonga bodi analigeuza nje ndani na tayari ni stelingi. Shona mawili yanayofanana, please, maana la kwanza likilowa jasho saa nne asubuhi utasubiri likauke na watu wako wanakula muda. Kama utatumia kitambaa cha kijani kwa nyuma, kile ambacho kwenye kuediti unafuta kijani unaweka picha nyingine, hakikisha kitenge hakina kijani, ukisahau utaona kifua cha stelingi kimetoboka.

Kibali. Ndio, najua. Kwa Tanzania ni Bodi ya Filamu, sheria yenyewe ipo toka 1976, na hata ukiwa nacho pita kwanza serikali ya mtaa umsalimie mwenyekiti, mweleze kuna watu watasimama barabarani bila kutikisika asije akadhani ni mambo ya ushirikina.

Haya tuje kwenye simu. Pakua programu inayokuruhusu kuset kila kitu kwa mkono, Blackmagic Camera ni ya bure, kwa Android hata Open Camera inatosha. Weka fremu 25, yaani picha 25 kwa kila sekunde, na shata, ule muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kwanini? Umeme wetu ni wa hertzi 50, ukiiacha simu kwenye fremu 30 kama ilivyotoka dukani, ukipiga ndani chini ya taa unaweza kuona mistari inapanda na kushuka kwenye picha, na kuitoa hiyo kwenye editi ni shughuli. Funga fokasi, funga mwanga, funga rangi, usiiache simu ijiamulie. Usizumu kwa vidole, sogea kwa miguu. Weka flaiti modi, mimi nilipigiwa simu na mtu wa kikoba katikati ya shoti nzuri kuliko zote. Juani hiyo 1/50 itaunguza picha, inakuwa nyeupe tupu, maana kwa simu nyingi tundu la lenzi huwezi kulipunguza kama la kamera, kwaio tulikuwa tunapiga saa moja mpaka saa nne asubuhi kivulini, afu tunarudi tena saa kumi jioni.

Sasa shoti yenyewe ya kusimamisha muda, sogea karibu hapa nikuonyeshe. Simu iko kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, na tripodi imefungiwa mfuko wa mchanga, haitakiwi kusogea hata unywele. Unapiga mara mbili. Mara ya kwanza watu wote wako kwenye fremu wametulia, abiria mguu mmoja mlangoni, muuza maembe ameinama sinia linamponyoka. Maembe tumeyaning'iniza kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa, umefungwa kwenye keria ya gari, na kwakuwa ulikuwa unang'aa tukaupaka mkaa. Mara ya pili watu wakae kushoto tu, kulia pawe patupu, konda apite huko kulia peke yake. Kwenye kuediti ile ya kwanza unachukua fremu moja tu kama picha, unaiweka upande wa kushoto, ya pili kulia, na mstari wa kuunganisha unaupitisha kwenye ukingo wa mlango wa gari ili jicho lisiuone. Zote mbili zipigwe ndani ya dakika chache, ukichelewa kivuli kinahama na mstari utauona tu.

Sasa pale ambapo konda lazima apite katikati ya watu hakuna ujanja, wabane pumzi kweli. Sekunde sita sita. Tulipata moja safi kabisa, hakuna aliyepepesa macho, afu akatokea kuku. Kuku wa mtu, katoka chini ya meza ya mama ntilie, anapita zake taratibu anadonoa katikati ya muda uliosimama. Nilitaka kulia. Usiku tukakaa kuangalia tukacheka mpaka mbavu zikauma, tukaamua kuku abaki, na nikaandika sini mpya ambapo konda anagundua kuna kiumbe kimoja tu mtaa mzima ambacho muda wake hausimami. Kesho yake ikabidi tumkodi kwa mwenyewe, elfu tatu, imo kwenye daftari.

Ngumi nitapita haraka. Kamera ikae nyuma ya bega la anayepigwa, ngumi ipite mbali na uso kama upana wa kiganja, aliyepigwa ageuze shingo. Kuruka ukutani, mwambie aruke kutoka juu kushuka kinyumenyume, afu klipu uigeuze icheze nyuma mbele. Asiruke kitu kirefu kuliko kiuno chake, hatuna bima hapa.

Sauti ndo filamu yenyewe, nisikilize vizuri. Mtu atakusamehe picha yenye chenga, maneno asiyoyasikia anafunga video. Tulichukua simu ya pili, tukachomeka maiki ya elfu kumi na tano, ikakaa mfukoni kwa msanii inarekodi, na kila shoti tunaanza na kofi moja ili baadaye tuoanishe sauti na picha. Kugonga bodi ni sarafu ya 200 kwenye sufuria tupu. Ngumi ni kofi kwenye begi lililojaa nguo, mfupa kuvunjika ni muwa. Na muda kusimama? Nilihangaika wiki nzima natafuta mlio wa kutisha, mwisho nikakata kila kitu. Honi, wapiga debe, muziki wa gari, vyote vinakufa kwa mpigo, unabaki na pumzi ya konda tu. Bei yake sifuri, na ndo kitu watu wananiuliza nimefanyaje. Muziki usichukue wimbo wa msanii bila ruhusa, YouTube watakukamata, ile maktaba yao ya bure ina vitu vya kutosha.

Kuediti, kama una kompyuta DaVinci Resolve ya bure inatosha sana, ila mashine ikiwa dhaifu itasota, tengeneza kopi nyepesi za klipu ufanyie kazi hizo kwanza. Huna kompyuta, CapCut kwenye simu inaweza hiyo kazi ya kugawa fremu.

Ukimaliza usiiangalie kwenye simu yako peke yako. Mpe mtu mwenye simu ya kioo kilichopasuka aangalie juani bila hedifoni. Mimi nilimpa bodaboda wa kijiweni kwetu, akaniambia bro hapa ndani ya daladala sioni kitu, giza tupu, na ule muungurumo wa besi niliouhangaikia hakuusikia hata kidogo kwenye spika ya simu. Nikarudi nikapandisha mwanga, muungurumo nikautoa. Habari za muda kusimama hakuuliza, aliuliza yule kuku ni wa nani.