Nani Anaweza Kungoja? Ubepari wa Ujerumani na wa Marekani

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliotoka kazini moja kwa moja mkaja kutusikiliza, asanteni.

Katika mijadala yetu, anayeusifu ubepari na anayeulaani hukubaliana jambo moja: kwamba uko mmoja tu. Mimi nawaomba tuutazame mwaka 2009, wakati wa msukosuko wa fedha duniani, katika nchi mbili ambazo hakuna anayebisha kuwa ni za kibepari, Marekani na Ujerumani.

Mwaka ule oda zilikauka karibu kila mahali. Ujerumani inaishi kwa kuuza nje mashine na magari, kwa hiyo iliumia zaidi: uchumi wake ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5, na wa Marekani kwa kama nusu ya hapo. Ungetegemea basi Wajerumani ndio wajazane mitaani. Wapi! Ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba. Ujerumani haukupanda kwa kiasi cha kutisha.

Jibu ambalo wengi wenu mnalo tayari ni Kurzarbeit, kazi ya saa pungufu. Kiwanda kikikosa oda kinampunguzia fundi saa badala ya kumwachisha, na mfuko wa bima ya ajira unamfidia asilimia 60 ya mshahara alioukosa baada ya makato, au 67 akiwa na mtoto. Kufikia katikati ya 2009, wafanyakazi wapatao milioni 1.5 walikuwa katika utaratibu huo.

Jibu hilo ni la kweli, lakini haliniridhishi. Majimbo kadhaa ya Marekani nayo yalikuwa na mpango unaofanana na huo. California imekuwa nao tangu 1978. Waajiri waliouomba walikuwa wachache mno. Sheria ilikuwapo, ila mwenye kiwanda hakuona faida ya kuitumia. Kwa nini wa Ujerumani aliiona?

Mtazameni fundi wake. Kijana anaingia kiwandani kama mwanagenzi. Siku tatu au nne za wiki yuko kwenye mashine, zilizobaki yuko shule ya ufundi. Akisomea mekatroniki, yaani ufundi wa mitambo na elektroniki, atakaa miaka mitatu na nusu, posho analipwa na mwajiri, na mtihani unasimamiwa na chemba ya wenye viwanda na biashara, wala si na bosi wake. Cheti chake kinatambulika nchi nzima. Sasa mtu kama huyo umwachie leo, oda zikirudi mwakani utampata wapi? Mshindani wako wa mji wa pili ameshamchukua. Kuendelea naye miezi minane akifanya nusu siku ni nafuu, hata kwa bosi asiye na huruma.

Lakini miezi minane ya hasara inahitaji mkopeshaji asiyekurupuka. Viwanda vingi vya kati vya Ujerumani ni mali ya familia, na hukopa Sparkasse, benki ya akiba ya mji au wilaya inayosimamiwa na halmashauri za hapohapo. Benki hiyo haina wanahisa wa kuwaridhisha. Kampuni kubwa ya Marekani inatoa hesabu sokoni kila baada ya miezi mitatu. Bei ya hisa ikiporomoka, mkurugenzi anatafutwa. Kupunguza watu ndiyo njia ya haraka ya kuonyesha kwamba amechukua hatua.

Kwangu mimi, hapo ndipo ubepari unapogawanyika: nani anaweza kungoja, na nani anamlipia kungoja kwake. Ndiyo maana nina wasiwasi na wanaotaka tuchukue uanagenzi wa Kijerumani peke yake, bila benki zake na bila vyama vyake vya wafanyakazi.

Msije mkadhani nawapigia debe Wajerumani. Haraka ileile ya mtaji wa Marekani ndiyo inayompa pesa kijana mwenye wazo ambalo benki ya wilaya isingelielewa. Na Ujerumani haikuwa na kima cha chini cha mshahara cha kitaifa hadi 2015. Fundi wa kiwandani alilindwa na chama chake, msafishaji wa hoteli akaachwa ajitegemee.

Tena ukuta wenyewe wa Kijerumani una nyufa. Kampuni ya Kijerumani ya Mannesmann ilianza mwaka 1890 ikitengeneza mabomba ya chuma, ikaishia kwenye simu za mkononi. Novemba 1999 Vodafone ya Uingereza ikatangaza kuinunua bila ridhaa ya uongozi wake, jambo ambalo wakubwa wa Ujerumani walikuwa hawajalizoea. Februari 2000 Mannesmann ikasalimu amri, kwa euro bilioni 180 hivi. Mkurugenzi wake, Klaus Esser, akaondoka na kama euro milioni 30. Katika kamati ya bodi iliyopitisha marupurupu hayo alikuwamo Klaus Zwickel, kiongozi wa chama cha mafundi wa chuma, IG Metall. Hakupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Baadaye alisimama kizimbani pamoja na wenzake. Waliachiwa huru, kesi ikaamriwa isikilizwe upya, na mwaka 2006 ikamalizwa kwa washtakiwa kulipa pesa. Sheria ya 1976 inawapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi katika kampuni zenye watu zaidi ya 2,000. Kiti wanacho. Kukitumia ni habari nyingine.

Desemba 2024 walikitumia. Volkswagen ilitaka kufunga viwanda nyumbani kwao. Jimbo la Niedersachsen lina asilimia 20 ya kura za wanahisa, wafanyakazi wana nusu ya bodi, na mazungumzo yakapita saa 70. Wakatoka na makubaliano: nafasi zaidi ya 35,000 zitapungua ifikapo 2030, pasipo kumwachisha mtu kwa nguvu, na wafanyakazi wanaachia sehemu ya nyongeza na bonasi zao.

Korea na Uchina sikuzigusa, najua mtanibana. Ulizeni.