"Kwenda siendi": kukataa kwa nguvu kwenye Kijapani

Haya jamani, mnanipata huko nyuma? Sawa. Leo sirudii -nai na -masen, zile tamati za kawaida za kukanusha, hizo mlishamaliza, kama bado unababaika kati ya taberu (kula) na tabenai (kutokula) mada ya leo itakuchosha bure. Hii ni ya wale wa N3 mnaoisogelea N2, madaraja ya mtihani wa Kijapani wa JLPT, mnaojua kusema "siendi" ila hamjui kusema "siendi ng'o".

Nianze na aibu yangu. Enzi hizo nipo Osaka, nafanya kibarua cha jikoni kwenye mgahawa mmoja, bosi akaniuliza kama Jumapili ntaweza kuja. Jumapili yenyewe nina mtihani. Na usiku wake nilikuwa nimetoka kusoma wake ga nai, kwenye daftari nimeandika "haiwezekani", basi mi nikajua ndo hiyohiyo, nikainamisha kichwa kwa adabu zote nikamjibu: ikeru wake ga arimasen. Jiko zima kimya. Maana nilichomwambia, ukikileta huku kwetu, ni kama "Nije? Mimi? Thubutu!" Na ile -masen yangu ya heshima haikusaidia kitu, tusi limevaa suti tu.

Shida iko wapi. Wake ni sababu, mantiki ya jambo. Ukisema wake ga nai unasema hakuna mantiki yoyote ya jambo hilo kutokea, aliyelifikiria kachemka. Kwa hiyo inafaa ukimtetea rafiki, ano hito ga uso o tsuku wake ga nai, yule adanganye? haiingii akilini. Jirani yake ni hazu ga nai, yenyewe inaegemea kile unachokijua, mfano funguo umeziweka mezani kwa mkono wako mwenyewe afu mtu anakwambia hazipo, unamwambia nai hazu ga nai, haiwezekani zisiwepo. Nilichotakiwa kusema mimi ni sumimasen, shiken ga atte ikenai n desu, samahani, nina mtihani, siwezi kuja, basi, kwisha habari.

Sasa angalieni mtego, maana mtihani wa JLPT unaupenda sana huu. Yasumu wake ni wa ikanai: uwezo wa kupumzika ninao, ila wajibu au aibu inanizuia, watu wataniona vipi. Kirai na wake de wa nai: si kwamba namchukia, yaani hapo hukani kwa nguvu kabisa, unalainisha. Neno ni lilelile wake, kilichobadilika ni vitu vidogo vinavyofuata, na maana inatoka kwenye kufoka inaenda kwenye kubembeleza. Hapa msikariri tafsiri, karirini sentensi nzima pamoja na mtu anayeisema.

Kitu kingine. Sisi kukanusha tunaanza nako, si-, ha-, hu-, ukitamka tu "hatu..." mtu kashajua kinachokuja. Mjapani anakaa nako mpaka mwisho wa sentensi, unaweza kumsikiliza dakika nzima hujui anakubali au anakataa. Ndo maana wana maneno yanayopiga honi mapema. Ukisikia kesshite, yaani "kamwe", ujue -nai ipo njiani, haikwepeki, ila ni neno la hotuba na maandishi, ukilisema kwenye stori za kawaida utaonekana unasoma tamko. Chittomo na sukoshi mo ndo "hata kidogo" yetu. Zettai wengi mnaiweka kwenye kundi hili na siyo mahali pake, zettai iku ni "lazima niende", kwa hiyo ni neno la uhakika linaloweza kwenda upande wowote. Na zenzen ndo ina vituko, mtafundishwa kwamba lazima ifuatwe na kukanusha, halafu unafika kule kijana anakwambia zenzen daijoubu, yaani poa kabisa. Wazee wanalalamika lugha inaharibika, wakati waandishi wa enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) walikuwa wanaitumia hata bila kukanusha.

Ninayoipenda mimi ni hii. Kuna muundo iki wa shinai, unachukua kitenzi unakitoa nje kwanza, unakiweka mezani, afu ndo unakikana. Kwa Kiingereza utahangaika kuueleza, ila sisi tunao! Kwenda siendi. Kula sikula. Kuja haji. Kwenye kuongea wa inageuka ya, unamsubiri mtu saa nzima unasema machi ya shita ga, ki ya shinai, nimesubiri weee, kuja haji. Ina harufu ya kukerwa hiyo. Sasa waliofika Osaka watakuwa wanajiuliza ile ikahen ya kule imetoka wapi. Imetoka hukohuko: iki wa senu ikawa ikya sen, ikaja kuwa ikahen. Zamani ilikuwa "kwenda siendi", leo ni "siendi" ya kawaida tu, nguvu imeisha kwa kutumika, kama soli ya kiatu. Ndo maana kila kizazi kinatafuta neno jipya la kukatalia.

Kuhusu mo, ile "hata" ya kuhesabia, nitapita haraka maana mnaijua kwa damu: hitori mo inai, hakuna hata mmoja, ichien mo nai, sina hata yeni moja, itteki mo nomanai, hata tone sinywi. Tone kwa tone kabisa.

Halafu kuna za mtaani. Mon ka ni swali lisilotaka jibu, anna mise, nido to iku mon ka, duka lile nirudi tena mimi? Mchezaji akiwa nyuma kwa magoli utamsikia anajiambia makeru mon ka, nishindwe mimi? Na kkonai inaganda kwenye shina la -masu (kile kinachobaki ukiitoa -masu ya heshima), dekikkonai, wakarikkonai, "wapi, hawezi huyo". Hizi ni za washkaji, usimpelekee profesa wako.

Kwenye maandishi mtakutana na mai, tamati nyingine ya kukana, nido to surumai, sitarudia tena kamwe, na kaka yake mzee nu. Nu mnaweza kwenda kuisoma kwenye jiwe, Hiroshima, kwenye mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa mwaka 1952: ayamachi wa kurikaeshimasenu kara, kwa kuwa kosa halitarudiwa. Nimelazimika kutafsiri hivyo kwa sababu sentensi yenyewe haina mtenda. Nani harudii? Sisi Wajapani, Wamarekani, au binadamu wote? Wamebishana miaka na miaka. Kiswahili kingekubana, si-, hatu- au hawata-, lazima uchague. Kijapani kinakataa kwa nguvu zote bila kusema anayekataa ni nani.

Mwisho tonde mo nai, "wala si hivyo", ukisifiwa Kijapani chako unaikana hiyo sifa, tonde mo arimasen. Wapo watakaokusahihisha kwamba ni neno moja halikatwi katikati, waambie mwongozo wa lugha ya heshima wa serikali yao wa mwaka 2007 umeshairuhusu.

Naona mkono pale. Eti bosi alinifukuza? Hapana bwana, alicheka kesho yake, ila mwezi mzima kila akitaka nioshe vyombo alikuwa ananiuliza kwanza, "leo utaweza, au wake ga arimasen?"