Jina Unalopewa na Wanaokucheka

(Mhadhara kwa vijana wa vyuo, Mwanga, Kigoma)

Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye! Nyinyi wageni mliokaa kimya, hiyo ni salamu ya asubuhi ya Waha. Jifunzeni, maana treni yenyewe mnaijua, hamuondoki leo.

Nimeombwa niseme juu ya kudharauliwa kwa ajili ya imani. Hapa kwetu Mkristo hapigwi mawe, anapewa jina. Anaitwa "mtumishi" na mtu ambaye utumishi wenyewe anauona kichekesho. Akikataa bia harusini anaulizwa kama amekuja na maji ya baraka yake. Wadada, sketi ikishuka chini ya goti tu, umeshakuwa "mama mchungaji". Hata hili neno mlokole limetoka kwa Waganda, balokole, yaani waliookoka, wakati wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Leo lisikilize linavyotamkwa kijiweni.

Na wanaocheka ni akina nani? Nimekaa Ujiji miaka mingi, majirani zangu wengi Waislamu. Sikumbuki hata mmoja aliyenicheka kwa kuinamisha kichwa kabla ya kula. Walionicheka ni akina Petro na Yohana, waliobatizwa wachanga kama mimi.

Sasa fungueni Matendo 11:26. "Na wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza hapo Antiokia." Waliitwa! Wao kwa wao walikuwa wakiitana ndugu, wanafunzi, watu wa Njia. Katika Agano Jipya lote neno Mkristo limo mara tatu tu. Ya kwanza ndiyo hiyo. Ya pili anaitamka mfalme Agripa akimjibu Paulo, na Paulo amesimama mbele yake na minyororo. Ya tatu ni Petro, waraka wa kwanza, 4:16: "Lakini ikiwa kwa sababu ni Mkristo asione haya." Kwa nini ataje haya? Kwa sababu jina lilikuwa la kumtia mtu haya. Hili tunaloandika leo kwenye fomu bila kufikiri, kuna watu walilibeba kama tusi.

Mimi nilikuwa karani wa tajiri mmoja wa mawese, mwaloni Kibirizi. Mawese yanakuja na boti kutoka vijijini, tunapima, tunauza. Pale stoo kulikuwa na madumu ya namna mbili. La kununulia lilikuwa limevimba tumbo, linameza zaidi ya lita 20. La kuuzia limebonyea ubavuni, na ule ubonyevu haukuja kwa ajali. Mithali imekwisha kusema kuhusu vipimo vya namna mbili. Nikamwambia tajiri, kalamu yangu haitaandika 20 kwa dumu lile. Hakunifukuza. Alicheka, akawaita makuli, akasema, "Leo tumepata Askofu." Basi nikawa Askofu wa Madumu. Nikipita wanapiga goti, mmoja ananibusu kidole chenye mafuta. Nilikaa na jina hilo miaka minne, na nisiwadanganye, liliniuma. Kuna siku nilipitia njia ya nyuma ya mashua ili nisikutane nao.

Ila kuna jambo linanisuta. Si kicheko chote kilikuwa cha imani. Saa saba mchana makuli wamekaa na ugali wao na dagaa, migongo inawauma, mimi nawasimamia na Biblia nawaeleza habari ya ziwa la moto. Nilitukanwa. Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu nateseka kwa ajili ya Kristo. Akaniambia, "Baba, umeteseka kwa kukosa adabu." Ndiyo maana Petro, mstari mmoja kabla ya huo tuliosoma, amemtaja mwuaji na mwivi, kisha akamweka kwenye mkumbo huohuo "mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine". Mtu wa namna hiyo makanisani tunaye, tena mara nyingi ndiye ameshika kipaza sauti.

Kujibu, jibuni. Lakini Petro amesema jibu liende kwa anayeuliza, na liende kwa upole. Anayekutumia stika ya kukucheka kwenye WhatsApp hajauliza kitu.

Nawaachia picha moja. Mwaka 1857 huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, wachimbaji walikuta mchoro uliokwaruzwa ukutani. Ni wa karne za mwanzo za Ukristo, umechorwa ovyo kama vijana wanavyochora nyuma ya mlango wa bweni. Kuna msalaba, juu yake mtu mwenye kichwa cha punda. Chini, kijana ameinua mkono kuelekea pale. Maneno ya Kigiriki yanasema: Alexamenos anamwabudu Mungu. Mnaona? Huyo ni Askofu wa Madumu wa Roma. Alexamenos tunamjua kwa sababu tu kuna mtu alimcheka.

Baadaye, katika chumba kingine cha jengo hilohilo, yakaonekana maandishi mengine mafupi. Hayana picha. Aliyeyakwaruza hajulikani, pengine ni rafiki yake, pengine ni yeye mwenyewe. Yako maneno mawili tu: Alexamenos mwaminifu.