Ukifunga Mkanda, Shikamoo Ibaki Chini

Naona mwenyekiti ameniwekea karatasi hapa: nusu saa, na nisisahau gharama. Haya. Gharama nitafika, nikifika.

Nianze na lile mnalotaka kuniuliza tangu nilipoingia mlangoni: mtu mzima anawezaje kujifunza urubani? Nilikuwa na miaka 44 nilipokaa mara ya kwanza kwenye ndege upande wenye kazi. Nilikuwa nimefundisha hesabu sekondari miaka 20. Leseni ya kwanza niliipata nikiwa na 46, na leo nina 53, nafundisha urubani pale Wilson, Nairobi. Wenzangu wa Majengo, Mombasa, wanadhani nimerogwa. Lakini uwanja wenyewe una jina la mjane, Florence Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka 1929 akiwa mtu mzima kabisa. Basi asije mtu kuniambia mambo haya ni ya watoto.

"Lakini Mwalimu, macho je? Ubongo je?" Macho yana miwani, na miwani inaruhusiwa. Na ubongo, toeni kalamu. Uwanja wa Wilson uko futi 5,500 na kitu kutoka usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha hewa wanachotumia marubani, kimo hicho kingekuwa na joto la nyuzi 4. Mchana wa Februari tunapata nyuzi 27. Zimezidi 23, na kila nyuzi moja iliyozidi huhesabiwa kama futi 120. Jumla, pamoja na zile 5,500, ndege inajiona iko futi 8,260, nayo haijatoka hata kwenye maegesho! Injini inavuta hewa nyepesi, mbawa zinashika hewa nyepesi, na njia ya kurukia haijarefushwa hata hatua moja. Kijana wa miaka 19 huikariri hesabu hiyo. Mtu aliyewahi kulipa kodi ya nyumba na karo mwezi mmoja huielewa papo hapo: mahitaji yale yale, mfuko umepungua.

Kwa hiyo si ubongo. Nimelisema hili mahali pengi na nitalisema tena: mtu mzima anayejifunza kuruka anaangushwa na heshima.

Mkufunzi wangu wa kwanza alikuwa kijana wa Kilifi, miaka 26, hodari, na amelelewa vizuri. Hapo ndipo tatizo. Kila asubuhi, "Shikamoo Mwalimu." Anibebee begi, anifungulie mlango. Nami nikafurahi, nani hapendi kufunguliwa mlango? Sasa mimi kutua kulinishinda. Ndege ndogo unaileta chini, ukikaribia njia unainua pua polepole ili magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Mimi nilikuwa natazama lami iliyo chini ya pua badala ya kutazama mwisho wa njia, basi nahisi ardhi inanijia, nainua pua mapema. Bado tuko kimo cha paa la nyumba! Kasi inakwisha, mbawa zinaacha kubeba, na kinachobaki ni chuma kinachoanguka.

Siku hiyo tunatua kwenye njia ya kurukia namba 14, nimeinua pua, na yeye anaona. Kazi yake ni kusema "shusha pua", maneno mawili, au aichukue ndege. Alisema nini? "Mwalimu, samahani, kwa ruhusa yako, labda tungeshusha…" Alipofika kwenye "ruhusa", ndege ilishafika chini. Tulidunda kama mpira wa makuti. Hapo ndipo adabu ilipomtoka: akanyakua usukani, akaweka nguvu yote, tukapanda kuzunguka upya. Kongoti waliokuwa kando ya ua wa mbuga walitutazama kwa dharau, nawaapia.

Baadaye fundi amelala chini ya ndege anakagua magurudumu, nikamwuliza yule kijana kwa nini hakunikemea. Akatazama viatu vyake. "Mama yangu ni rika lako. Nitakuambiaje umekosea?"

Msimlaumu. Nami nilikuwa na dhambi yangu. Wiki tatu nzima alikuwa akinieleza kazi ya pedali, nami naitikia "naam, naam", sijaelewa kitu. Mwalimu wa miaka 20 atasemaje "sijui" mbele ya mtoto? Mmoja hawezi kukosoa, mwingine hawezi kukiri, na ndege haina habari na umri wa yeyote.

Tukakubaliana pale pale. Chini, shikamoo kama kawaida. Ukifunga mkanda, shikamoo imebaki chini, niite kwa jina langu, tena fupi. Wiki ya pili nilitua vizuri.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, huyu anatufundishia watoto utovu wa adabu. Baba yangu, nisikilize. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, katika ukungu. Walikufa watu 583. Nahodha wa ile ya KLM, kampuni ya Uholanzi, iliyoanza kukimbia bila ruhusa ya kuruka alikuwa nani? Mkuu wa mafunzo ya 747 katika kampuni yake! Rubani msaidizi aliyekaa kando yake alikuwa amepimwa ujuzi naye yeye huyo, si muda mrefu nyuma. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Baada ya jibu hilo hakuna aliyeuliza tena. Yule bwana hakukosa ujuzi. Alikosa mtu wa kumsisitizia, "Ngoja."

Sasa mimi ndiye mzee wa kiti cha kulia, kile cha mkufunzi, na wanafunzi wangu wananiita Mama. Basi nawategea. Kabla hatujaondoka kwenye maegesho, naisogeza saa ya kimo isome futi 4,500 badala ya 5,500, halafu nasema tuko tayari. Mmoja aliitazama saa, akanitazama mimi, akatazama dirishani. Alijua, akanyamaza! Nikazima injini, tukashuka, sikumrusha siku ile. Alilia kidogo. Safari iliyofuata alinikosoa mara tano, mara tatu akiwa amekosea yeye, na nikamshukuru zote tano.

Mwenyekiti anasimama. Haraka basi. Kiti cha kulia: mkono uliozoea usukani sasa unashika nguvu ya injini, na pua unaiona kutoka upande mwingine, kwa hiyo unatua kombo kama mwanagenzi. Ukufunzi unaanza kwa kufedheheka upya, hilo lingekuwa mhadhara wake.

Afya: kwa viwango vya kimataifa, cheti cha afya cha rubani wa binafsi hudumu miezi 60. Ukivuka 40 ni miezi 24, ukivuka 50 inapendekezwa 12. Kapimwe kwanza, kabla hujauza shamba.

Gharama: kiwango cha kimataifa cha leseni ya kwanza ni saa 40 angani, na mtu wa makamo mwenye kazi na watoto huzipita. Lipa kidogo kidogo kwa kadiri unavyoruka, usimkabidhi mtu fungu zima. Na uruke angalau mara mbili kwa wiki, maana ukikaa mwezi unalipia tena ulichokwisha kukijua. Yaliyobaki mnifuate pale kwenye chai.

Maswali. Wewe kijana wa mbele, nilikuona ukitikisa kichwa kwenye ile hesabu ya nyuzi joto. Nimekosea wapi?