Mkanda wa Kamera: Tuanzie Pale Unapofungwa

Asanteni, asanteni sana, kaeni jamani. Kabla sijasema lolote naomba kamera moja kutoka kwenu, yoyote ile, wewe mdogo wangu wa shati la bluu hapo mbele nipe hiyo yako kidogo. Haya. Mnaiona? Kamera safi kabisa, lenzi haina hata alama ya kidole, kioo cha nyuma kakibandikia protekta, yaani mtu anaijali mali yake. Sasa angalieni hapa, nashika mkanda kwa mkono huu na bodi, yaani kamera yenyewe, kwa mkono huu, alafu navuta, na sivuti kwa nguvu, navuta kama mtoto anavyovuta gauni la mama yake. Mmeona? Umetoka. Ncha yote imeteleza ikapita kwenye hiki kiplastiki cheusi na sasa kamera iko mkono mmoja na mkanda uko mkono mwingine.

Usisikitike mdogo wangu, hii nitakurudishia mwisho ikiwa imefungwa vizuri na wote tutaangalia. Na wengine msimwangalie yeye, shikeni za kwenu muone ncha zimebaki kiasi gani, maana najua humu ndani hayuko peke yake.

Kila wiki napata meseji, dada nichukue mkanda gani, wa ngozi au wa kitambaa, mpana au mwembamba, huu una rangi nzuri vipi nichukue? Hakuna anayeniuliza unafungwaje. Na mimi nimekuja hapa leo kusema kwamba mkanda uuanze kuuangalia pale unapogusana na kamera, kwenye masikio yale ya pembeni ya kamera yanayopitisha mkanda, kwenye ringi, kwenye skrubu, kwenye mshono, vitu vidogo vidogo vile ambavyo vingine havifiki hata ukubwa wa kucha, alafu ndio uje begani kuuliza kama unauma. Kwa sababu mkanda wenyewe haukatiki kirahisi hata siku moja, mimi sijawahi kuona ule utepe wa nailoni umekatika katikati, kinachoachia ni kiungo.

Tuweke uzito kwanza mezani ili tujue tunaning'iniza nini. Mimi kazi yangu ni harusi, kichen pati, sendofu, naanza saa tatu asubuhi saluni na bibi harusi natoka ukumbini saa sita usiku. Bodi yangu ni Canon 5D Mark IV, ikiwa na betri na kadi ni kama gramu 890. Lenzi ya 70-200 f/2.8, ile toleo la tatu, ni gramu 1480. Jumlisha, kilo mbili na gramu 370, hapo sijaweka flashi ambayo nayo na betri zake inapita nusu kilo. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, ongeza nusu kilo na zaidi, itundike shingoni kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane, uiname, upande kwenye kiti, ukimbilie keki. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5 na shingo imezoea kubeba hicho tu, wewe unaiongezea nusu nzima ya mzigo wake, na unaiongezea kwa mbele. Wale wenye kamera ndogo kama Sony a6400 na kilenzi chake cha 16-50 hamfikishi hata gramu 550, kwa hiyo mkisikia nasema mkanda mpana sana msikimbilie kununua, nyie upana wa sentimita mbili tatu unawatosha.

Sasa viungo. Kuna wale mnatumia ile ya kuzungushia kwenye skrubu chini ya kamera, mkanda unapita kifuani kamera inakaa kiunoni kichwa chini, miguu juu. Ni raha kubwa na siikatazi, natumia mpaka leo. Kampuni ya BlackRapid ya Seattle, Marekani, ndio waliofanya wapiga picha wengi wa harusi wahamie huko, na inateleza kwenye mkanda ukiipandisha jichoni, bega halisogei. Lakini elewa ile skrubu. Lile tundu la chini ni robo inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi, karibu kila kamera duniani lipo hivyo, na liliwekwa ili kamera ikae juu ya stendi, uzito unakandamiza kwenda chini. Wewe umeigeuza, sasa uzito unavuta, na kila hatua unayopiga kamera inazunguka kidogo, inarudi, inazunguka, na skrubu inazunguka nayo. Hailegei kwa dakika moja, inalegea kwa masaa.

Mimi ilinitokea kwenye harusi ya ufukweni, jua linazama, maharusi wanashuka ngazi za mawe kwenda mchangani, natembea kinyumenyume mbele yao na bodi moja mkononi na nyingine kiunoni. Sikusikia kulegea kokote. Nilichosikia ni wepesi, ghafla upande wa kulia ukawa mwepesi, nikajua kabla sijageuka. Ilidondokea lenzi mbele kwenye ngazi ya tatu, ringi ya chuma inayoshika lenzi kwenye bodi ikapinda, na bibi harusi akasimama ananiangalia mimi badala ya kumwangalia mumewe. Picha ile ya jua sikuipata, na jua halirudi kwa sababu yangu. Miezi miwili nilifanya kazi na bodi ya kuazima.

Tangu hapo nafanya vitu viwili na naomba mvichukue. Cha kwanza, kuna kamba fupi inayounganisha ile ndoano ya skrubu na sikio la kamera, wengine huiuza pamoja na mkanda na wengine huiuza peke yake, ukikosa kabisa mpe fundi mabegi akushonee kipande cha nailoni, skrubu ikiachia kamera inashuka sentimita chache inabaki inaning'inia. Cha pili nilikiona kwa mafundi magari, wakishakaza nati wanapiga mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati unaishia kwenye chuma, mstari ukikatika wanajua nati imezunguka. Mimi natumia rangi ya kucha. Hii hapa, pitisheni mwangalie, mstari mwekundu kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye ile pleti iliyofungwa chini ya bodi. Kila nikikaa kunywa maji natupia jicho, mistari imenyooka, naendelea. Na ile washa ya raba inayokaa kati ya skrubu na kamera isitupwe jamani, watu wanaitoa wanasema inabana, kazi yake ndio hiyo kubana.

Na kama lenzi yako ndefu ina ringi yenye mguu wake wa kufungia kwenye stendi, ning'iniza kwa mguu wa lenzi usining'inize kwa bodi, lenzi ndio nzito, ukining'iniza kwa bodi ile ringi inayoshika lenzi kwenye bodi ndio inabeba kila kitu.

Ringi za pembetatu, zile zinazopita kwenye masikio ya kamera kama za funguo. Zikague kwa ukucha, pitisha ukucha kwenye ule mwanya, ukiingia kirahisi ringi imeshaanza kufunguka, badilisha. Sisi tunaofanya kazi pwani chumvi ya bahari inazila hizi haraka, ukitoka ufukweni suuza mkanda na maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini, futa ringi kwa kitambaa kikavu. Jasho nalo ni chumvi, tusisahau.

Vile vifungo vya kuchomoa na kuchomeka vya kampuni ya Peak Design, viduara vyenye kikamba chembamba, nimevitumia sana na navikubali, wenyewe wanasema kinabeba zaidi ya kilo 90, na kile kikamba kikianza kulika kinaonyesha rangi nyingine kwa ndani, ukiiona hiyo rangi usisubiri harusi ya Jumamosi ipite, badilisha siku hiyohiyo. Tatizo letu ni za kuiga, zimejaa madukani, kwa macho zinafanana kabisa. Ukiwa na mashaka, chomeka ukiwa nyumbani, shikilia kamera juu ya godoro, tingisha kwa nguvu, zungusha, vuta kwa pembeni. Ikitoka mara moja tu, hiyo usiitumie tena.

Mshono. Pale mkanda mpana wa begani unapoungana na ule mwembamba lazima uone kiboksi chenye msalaba katikati. Mshono wa mstari mmoja tu, hata kama ngozi inanukia vizuri, acha dukani. Na kwa hii mikanda ya vitenge ambayo mafundi wetu wanatengeneza, mizuri sana na ninayo miwili, muulize fundi ndani kuna nini, kitenge kiwe nguo tu ya nje, ndani upite utepe wa nailoni kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuungwa. Alafu kilowanishe kwanza kifute na kitambaa cheupe, maana kikichuja rangi kitachujia kwenye kanzu ya bwana harusi.

Haya sasa twende begani. Jambo linalochanganya watu ni kushika na kuteleza. Mkanda unaotundika bega moja unataka kushika, chini uwe na raba au ngozi ya nyuma ile yenye manyoyamanyoya, la sivyo unashuka kila ukiinama. Mkanda unaopita kifuani unataka kuteleza, ukiuwekea raba kila unapopandisha kamera unavuta shati na ngozi ya shingo pamoja. Watu wananunua mmoja wanautumia mtindo wa mwingine alafu wanasema mkanda mbaya. Ile ya spongi ya raba, kama ya suti za wapiga mbizi, inanyumbuka na kwa kweli unahisi uzito umepungua, ila kwa joto letu la Dar mwezi wa pili pale chini inalowa chapachapa, na ukikimbia kamera inarukaruka kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Mimi nautumia kanisani, ukumbini wenye kiyoyozi, nje hapana.

Upana kwa mzigo kama wangu sentimita 4 mpaka 5, lakini pima kwenye bega lako mwenyewe sio kwenye picha ya dukani, maana mwenye bega jembamba akivaa mpana sana ukingo wa ndani unapanda shingoni unakata kama karatasi. Urefu ni rahisi, simama wima, achia mkono, kiganja kiangukie penyewe kwenye sehemu ya kushikia kamera bila kushusha bega. Ukilazimika kuinama kuitafuta, fupisha.

Dada zangu, hili nalisema kwa ajili yetu kwa sababu hii mikanda mingi inaonekana aliyechora hakutufikiria. Mkanda wa kifuani unatupita pasipotakiwa, na kwenye shughuli za wanawake watupu kama singo kule Unguja, ile ya kumsinga bibi harusi, ambako mpiga picha lazima awe mwanamke mwenzao, unafanya kazi na mtandio na gauni refu. Mimi navaa mkanda kwanza alafu mtandio juu yake, kamera inatokea kwa chini, mtandio hauvutwi. Au unahamisha uzito wote kiunoni, kuna mikanda ya kiuno yenye kishikio cha kamera, bega linapumzika kabisa. Angalia tu ndoano za chuma zisielekee nje, lesi ya gauni la bibi harusi ikinasa hapo hakuna maelezo yatakayokutoa.

Barabarani. Ule mkanda uliokuja kwenye boksi, wenye jina la kampuni kwa herufi kubwa za njano au nyekundu, unaonekana toka ng'ambo ya barabara, ukiweza uvue wiki ya kwanza. Kwenye bodaboda na bajaji kamera iingie begini na mkanda wake, usiivae kifuani, narudia usiivae. Anayepora akiwa juu ya pikipiki hakati, anavuta, na mkanda mzuri uliofungwa vizuri hautaachia, utakwenda nao lami. Ndio maana hii yenye waya wa chuma ndani wanayosema haikatiki kwa kisu mimi sijainunua. Kamera nimepoteza moja, nikanunua nyingine.

Nani ameuliza? Dada pale nyuma, mkanda wa kifundo cha mkono. Mzuri kwa kamera nyepesi, ila uwe na kitu cha kukazia, usiwe duara lililo wazi tu, na kwa mzigo wa kilo mbili na nusu hapana, utakuuma kifundo kabla chakula hakijatoka. Na ukifika mezani ukaweka kamera, mkanda wowote ule uukunje uweke juu pamoja na kamera, usining'inie ukingoni. Watoto wa harusini wanapita chini ya meza zile.

Sasa shati la bluu njoo hapa mbele, shika mwenyewe. Pitisha ncha kwenye hiki kipete kidogo, iingie kwenye sikio la kamera, irudi, ipite tena ndani ya kipete. Vizuri. Sasa legeza mkanda kwenye kiplastiki mpaka utoe kitanzi, unakiona? Ncha ipite chini ya kitanzi, tundu la kwanza, tundu la pili, ilale ndani katikati isichungulie nje. Acha sentimita tano, usiache mbili kama mwanzo. Vuta kitanzi kikaze. Upande wa pili vilevile, taratibu, hatuna haraka.

Haya, leta navuta. Navuta na nguvu zangu zote. Njoo na wewe kaka uliyesimama mlangoni, vuta.

Haijatoka. Chukua kamera yako mdogo wangu, anayefuata alete yake.