Difrosta ya kioo cha nyuma imekufa? Pima kwanza kabla hujakubali kubadilishiwa kioo kizima

Shikamooni wakubwa zangu wote, wadogo zangu mambo vipi, karibuni tena. Leo niko nje kwenye paking hapa ninapoishi Minneapolis, ni Januari, simu inasema nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo mkisikia maneno yanakatika katika ni baridi tu jamani, mdomo umekakamaa.

Kuna kaka yuko Makete aliniuliza, dada ile mistari ya kahawia kwenye kioo cha nyuma cha gari ni ya nini, maana gari yake ilitoka nayo Japani na mtaani wanamwambia ni antena ya redio. Kaka yangu, kuna gari kweli zina antena humohumo kwenye kioo, lakini mistari mingi unayoiona imelala hivi ni ya kupasha kioo moto. Ndiyo difrosta. Inakausha ukungu na kuyeyusha barafu, na kwa baridi ya Makete wewe unaihitaji kama mimi tu.

Sasa yangu ilikufa wiki ya Krismasi. Nabonyeza swichi, kataa kake kadogo kanawaka vizuri, kioo kinabaki cheupe vilevile. Nikawa nakwangua kwa nje, lakini pumzi yako mwenyewe inaganda kwa ndani hukuhuku unaendesha. Siku moja narudi rivasi hapa hapa nilipokaa, mtoto wa jirani anavuta kile kigari chao cha kuteleza kwenye theluji, yuko nyuma yangu kabisa, nikamwona kwenye kioo cha pembeni sekunde ya mwisho. Nilikanyaga breki nikakaa pale dakika tano nzima mikono inatetemeka. Toka siku ile nikasema hii kitu haivuki wiki.

Nikaenda gereji, fundi akaangalia kwa macho tu, hakushika hata kifaa, akasema kioo kizima kibadilishwe, dola 640. Mia sita na arobaini! Nikamshukuru nikarudi nyumbani, nikatoa maltimita yangu ya dola 20, kile kifaa cha kupimia umeme, na ndicho ninachotaka mkione leo, maana hii kazi mtu yeyote mwenye subira anaiweza.

Kwanza fyuzi. Difrosta inakula umeme mwingi, ndiyo maana fyuzi yake ni kubwa, yangu ni ya ampea 30. Nikaichomoa, nzima. Halafu gari yangu hiyo swichi moja inapasha na vioo vya pembeni, na barafu ya hivyo ilikuwa inayeyuka, kwa hiyo swichi ni nzima. Na msisahau kitu kimoja, difrosta inajizima yenyewe baada ya dakika kama 10 au 15 hivi, sasa wapo wanaodhani imeharibika kumbe muda umeisha tu.

Haya sogeeni hapa, ngoja nigeuze simu. Mnaona kushoto na kulia kuna mistari miwili minene imesimama wima, na ile myembamba yote imeunganika hapo? Hii sio waya uliozamishwa kwenye kioo. Ni uji wenye madini ya fedha, umechapwa juu ya kioo upande wa ndani halafu ukachomwa ukashika. Umeme unaingia upande huu, unavuka kwa kila mstari kivyake, unatokea upande ule unarudi kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo mstari mmoja ukikatika unakufa huo mmoja, mingine inaendelea. Yote ikifa kwa pamoja, usihangaike na mistari, tafuta njia ya kuingilia au ya kutokea.

Nikawasha injini, nikawasha difrosta, waya mweusi wa mita nikaushika kwenye chuma cha bodi, mwekundu nikagusa mstari mnene wa kushoto: volti 13.8. Nikagusa wa kulia: 13.8. Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Upande wa kulia ulitakiwa usome karibu na sifuri, ndiyo upande wa ethi, yaani umeme unakotokea kurudi kwenye bodi. Kama pande zote mbili zinasoma sawa maana yake umeme umeingia umejaa kioo kizima na hauna pa kutokea, hakuna unachopasha. Nikafunua plastiki ya pembeni, nikakuta kile kibati kidogo kinachoshika waya kimebanduka kwenye kioo, kimesimama tu pale kwa vumbi. Msikibandike kwa supaglu, ile haipitishi umeme na joto linaibandua. Ipo gundi maalumu ina madini ya fedha ndani, nikakwangua kidogo sana kwa msasa laini, nikapaka, nikakibana na selotepu nikaacha mpaka kesho yake.

Kesho yake nawasha, barafu inaanza kukatika mistari mistari, nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele peke yangu humu ndani ya gari. Ila miwili ikabaki. Ule wa nne na wa tano kutoka juu, ukungu umelala juu yao kama utepe.

Hii sasa ndiyo sehemu tamu. Chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia chapati, zungushia ncha ya mita ili chuma kisikwaruze mstari, mweusi ubaki kwenye bodi. Anzia upande umeme unakoingia, bonyeza taratibu, sogea. Mstari mzima ukifika katikati utasoma kama nusu, yaani 6 au 7, unashuka pole pole mpaka sifuri. Mstari uliokatika haushuki. Unasoma 13, 13, 13, 13, halafu ghafla sifuri. Pale iliporuka ndipo palipokatika. Nikaweka tochi ya simu pale nikaona kakovu kembamba kama unywele, mistari miwili mfululizo, nikakumbuka Novemba nilibeba meza na kona yake ililalia kioo hapo hapo.

Rangi ya kuzibia, ile maalumu inayopitisha umeme, nilinunua dola 15, kichupa kama cha rangi ya kucha. Safisha kwa spiriti, bandika selotepu juu na chini ya mstari ubaki upana uleule, paka, subiri, paka tena. Lakini baridi hii haikauki, niliomba gereji ya jirani yenye hita, gari ikalala humo saa 24 nzima bila kuwasha difrosta.

Na ninyi wa nyumbani, Njombe, Mbeya, Arusha, hata Limuru huko, naomba mnisikie kwenye tinti. Fundi akitoa tinti ya zamani kwenye kioo cha nyuma kwa wembe, ile mistari inaweza kuondoka nayo. Mwambie aipashe kwa mvuke au hita aibandue taratibu, simama pale pale umwangalie. Na ukifuta kioo kwa ndani futa kufuata mistari ilivyolala, sio kuikata.

Haya nawasha sasa hivi, tuone wote, sijajaribu bado tangu nitoe selotepu... Subirini... wa tatu huo umeanza... wa sita... Haya, wa nne! Mnauona? Na wa tano huo unafunguka kutokea kulia. Mnaona mpaka mlango wa jirani kule nyuma na kile kigari cha mtoto kimeegeshwa ukutani.