Jedwali halina juu wala chini

Hili nimelisema mara nyingi, na wengine hapa mnaweza kulisema kwa niaba yangu. Lakini bado naletewa programu zenye kosa lilelile, kwa hiyo mnivumilie. Jedwali la hifadhidata halina mpangilio. Edgar Codd alishaliweka wazi hilo mwaka 1970: mfuatano wa rekodi hauna maana yoyote. Ukitaka rekodi za mwisho kuingia, taja ni za mwisho kwa kipimo gani.

"Lakini nikifungua jedwali, rekodi mpya naiona chini kabisa!" Najua unaiona. Fungua PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, tengeneza jedwali dogo, ingiza rekodi tatu. Soma bila ORDER BY, ile amri ya kupanga matokeo: 1, 2, 3. Utatabasamu. Sasa badilisha namba ya simu kwenye rekodi ya 1, usome tena: 2, 3, 1. Kongwe kuliko zote imekaa mkiani kama mgeni aliyeshuka basi sasa hivi! PostgreSQL haiandiki juu ya rekodi ya zamani. Huandika nakala mpya pembeni, ile ya zamani ikasubiri kufagiwa. Na wewe wa MySQL, hifadhidata nyingine, usicheke. InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, hupanga rekodi kwa ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha kila rekodi, ndiyo maana unaona zimekaa vizuri. Hoja yako, yaani ombi lako la kusoma data, ikipitia indeksi (faharasa ya kutafutia) nyingine, utajionea.

Hapo mjanja husema, "Basi nachukua MAX(id), namba ya rekodi iliyo kubwa kuliko zote." Afadhali, ila namba hutolewa wakati wa kuingiza, si wakati wa kuthibitisha muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa kwa pamoja. Mmoja kapewa 500, anasuasua. Mwingine kapewa 501, kamaliza. Programu yako ya kukusanya rekodi mpya inaiona 501, inajiandikia "nimefika 501," inaondoka. 500 ikithibitishwa baadaye, hakuna wa kuirudia, wala hutapata ujumbe wa kosa. Utasikia tu kwa mteja anayelalamika.

Na kama unatafuta id ya rekodi uliyoingiza mwenyewe, MAX ya nini? Mwenzako anaweza kuwa ameshaingiza yake. Tumia RETURNING, inayokurudishia id ya ulichoingiza, au kwenye MySQL LAST_INSERT_ID(), ambayo hujibu kwa muunganisho wako peke yake.

Kwa orodha ya kumwonyesha mtumiaji, weka created_at, muda rekodi ilipoundwa, ijazwe na hifadhidata yenyewe, si saa ya simu ya mtu, halafu:

ORDER BY created_at DESC, id DESC LIMIT 10

Yaani mpya kwanza, kumi tu. Hiyo id ni ya kuamua pale muda unapolingana. Indeksi muiweke, sitaki kuulizwa mbona hoja inachelewa. Wala msiniambie created_at inatibu ugonjwa wa 500 na 501. Haitibu: now() ya PostgreSQL, inayojaza muda huo, hutoa muda muamala ulipoanza. Kila ukikusanya, rudi nyuma dakika kadhaa, soma upya, utupe zilizojirudia.

Naona naonyeshwa saa. Tofauti za saa kati ya nchi na nchi nilizitengea sehemu yake, ila muda umeisha. Hifadhini muda kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Wanaotumia Oracle, hifadhidata nyingine tena, nifuateni nje.